Nyuma ya Kila "Bin" Kuna Mama

Mwombe mzee wa Lamu au wa Kilwa Kisiwani ajitaje, naye hatakupa jina moja. Atakupa mnyororo mzima: Ali bin Omari bin Shee bin Athumani, mpaka babu wa saba au wa nane. Pengine ataongeza kwamba juu ya hao wote yuko yule aliyeteremka jahazini kutoka Shirazi, Uajemi. Wanahistoria wamebishana juu ya usemi huo kwa miaka mingi. Kuna walioupokea kama ulivyo, na kuna walioona ni maneno ya wenye mji waliotaka kujikweza kwa nasaba ya ng'ambo. Siku hizi tunaweza kuuliza pia mwili wenyewe, na jibu lake limenifanya niyatazame upya majina hayo yote.

Mwili wa binadamu una jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba. Jozi ya mwisho ndiyo inayohusika na jinsia: kwa kawaida mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Kromosomu nyingine hupigwa kama karata kila kizazi, za baba na za mama zikachanganyika. Y haimo katika mchanganyiko huo, isipokuwa kwenye ncha zake. Inatoka kwa baba kwenda kwa mwana, kisha kwa mjukuu wa kiume, hivyo hivyo. Njia yake ndiyo ile ile ya neno "bin". Binti hana Y, kwa hiyo akitaka kujua ya ukoo wa babake, anayepimwa ni babake, kaka yake au amu yake.

Fikiria mwandishi wa zamani anayenakili utenzi kwa mkono. Mahali fulani anakosea herufi moja. Anayenakili kutoka kwake anachukua kosa lile lile, naye anaongeza lake. Baada ya miaka mingi, ukiziweka nakala zote mezani, makosa yatakuonyesha ipi ilitokana na ipi. Y ina herufi zaidi ya milioni 62, na ramani yake kamili ilitolewa mwaka 2023. Baada ya kila vizazi vichache herufi moja hapa au pale hubadilika, bila madhara kwa kawaida, na mabadiliko hayo hurithiwa na wana wote wanaofuata. Wanaume wenye badiliko moja wana babu mmoja. Kwa njia hiyo wataalamu wamechora mti wa wanaume wa dunia, na matawi yake makubwa huitwa haplogrupu.

Shina la mti huo liko Afrika. Mwaka 2013 lilitangazwa tawi la kale kuliko yote yaliyojulikana, A00. Lilionekana kwanza katika sampuli ya Mmarekani Mweusi, kisha likapatikana kwa wanaume wa jamii ya Wambo huko Kamerun. Tawi la E lenye alama ya M2 limeenea pamoja na wasemaji wa lugha za Kibantu, waliotoka maeneo ya mpaka wa Nigeria na Kamerun miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Alama nyingine ya E, M293, inafuata njia ya wafugaji waliotoka Afrika Mashariki kwenda kusini mwa bara yapata miaka 2,000 iliyopita. J lina mizizi Asia ya Magharibi, na R1a linapatikana kuanzia Ulaya ya Mashariki hadi Iran na India.

Sasa turudi pwani. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Miongoni mwa waliouongoza ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya aliyechimba pwani kwa miaka mingi. Kazi yenyewe ni ya subira. Joto na unyevu wa pwani huharibu vinasaba upesi, kwa hiyo mtaalamu hutafuta jino, au mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Anautoboa taratibu, na unga wa kutosha ncha ya kijiko ndio unaobeba habari zote.

Habari hizo zilikuwa hivi. Katika miji kama Mtwapa na Manda, Y nyingi zilikuwa za matawi ya Asia ya Magharibi. Sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka Uajemi, na sehemu ndogo India. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Uarabuni iliongezeka. Wakati wa kuchanganyika kwa Waafrika na Waasia ulipimwa pia: vipande vya vinasaba vya mgeni huwa virefu mwanzoni, na kila kizazi huvikatakata, hivyo urefu wake ni kama saa. Saa hiyo ilionyesha takriban mwaka 1000. Linganisha na ushahidi mwingine. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Sarafu za fedha zenye jina la Ali bin al-Hassan, jina la sultani wa Kilwa katika simulizi za Washirazi, zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984. Wazee hawakutunga hadithi tu.

Lakini kuna vinasaba vingine, vya mitokondria, ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake. Kwa watu wale wale wa pwani, karibu vyote vilikuwa vya matawi ya Kiafrika. Hesabu ya vinasaba vyao vyote ikaonyesha kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ilitoka Afrika, hasa kupitia wanawake. Mgeni alifika kwa msimu wa kaskazi, akaoa, akakaa. Watoto wakaongea lugha ya mama, na lugha hiyo ya Kibantu ndiyo Kiswahili ninachoandikia makala hii. Hata leo katika desturi ya mji wa Lamu, binti hupewa nyumba na babake, na bwana arusi ndiye anayehamia. Nasaba ilihesabiwa kwa baba, ila nyumba ilikuwa ya mama.

Ndiyo maana nawasihi wanaotaka kupimwa wajue wanachonunua. Pamba husuguliwa ndani ya shavu, majibu huja baada ya wiki kadhaa, na mtu akisoma "J" hukimbilia kusema yeye ni Mwarabu. Tawi hilo linabebwa na Waarabu, Wayahudi, Waajemi, Waethiopia na watu wa Ulaya ya Kusini. Halimfanyi mtu kuwa sharifu, wala kulikosa hakumvui nasaba yake. Tena, ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Y inakusimulia habari ya mmoja tu. Watu 80 nao si pwani nzima: wengi wa Mtwapa walizikwa karibu na msikiti mkuu, mahali pa wenye cheo. Na kabla ya kupima, ongea na jamaa zako, kwa sababu jibu lako ni lao pia, na linaweza kufichua siri isiyo yako kuifichua.

Mimi naipenda Y kwa uaminifu wake, na naupenda mnyororo wa "bin" kwa sababu umebeba kumbukumbu ambayo maabara imekuja kuishuhudia baada ya miaka elfu. Ila kila kiungo cha mnyororo ule, Omari, Shee, Athumani, kilizaliwa na mwanamke aliyezaliwa huku, na jina lake halimo. Ukikaa na mzee wako akianza kuhesabu, mwache afike mwisho kwa heshima zote. Kisha mrudishe mwanzo, umuulize: huyu Omari mama yake aliitwa nani? Uliandike jina hilo leo, kwa sababu yule bibi wa kale tunamjua kwa unga wa jino tu.