Picha za mitindo ya zamani zina somo kwa muuza nazi wa Mafia

MKULIMA wa nazi wa upande wa Ras Kisimani, magharibi mwa Kisiwa cha Mafia, akisikia kuna maonyesho ya picha za mitindo ya mavazi na matangazo ya biashara ya miaka ya 1950 na 1960, huenda akasema hayamhusu. Ataona ni mambo ya watu wa mjini wenye nafasi.

Lakini matangazo ya zama hizo yaliuza sabuni, mafuta ya nywele na vitambaa. Sabuni na mafuta yalihitaji nazi, na nazi ilitoka pwani. Aliyevuna alilipwa bei ya mbata. Aliyeitia chupani au kwenye karatasi yenye picha nzuri alilipwa zaidi, na hali hiyo haijabadilika sana. Ndiyo maana picha hizo zinafaa kutazamwa na mtu wa shamba na wa duka.

Maonyesho makubwa ya miaka ya karibuni yalifanyika London, katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, kuanzia Julai 2022 hadi Aprili 2023. Yaliitwa Africa Fashion, na mwaka 2023 yalihamia Brooklyn, New York. Pamoja na nguo, ziliwekwa picha za studio za enzi nchi za Afrika zilipokuwa zikipata uhuru, zikiwamo za Seydou Keïta wa Mali. Kabla ya maonyesho, mwaka 2021, jumba hilo liliwaomba wananchi watoe nguo na picha za familia zao. Picha zilizokuwa zimelala makabatini zikatundikwa ukutani, na watu wakanunua tiketi ili kuziona.

Mwaka 2021, pia London, ukumbi wa Serpentine ulionyesha kazi za James Barnor wa Ghana, aliyezaliwa Accra mwaka 1929. Katika miaka ya 1960 alipiga picha za wanawake wa Kiafrika mitaani London kwa ajili ya jalada la gazeti la Drum. Aliporudi Ghana alikuwa mwakilishi wa kampuni ya filamu ya Agfa, na katika miaka ya 1970 alipiga picha za kalenda ya kampuni ya mafuta ya Agip. Mtu huyo alitunza picha zaidi ya 30,000. Angezitupa, leo asingekuwa na cha kuonyesha wala cha kuuza.

Pwani yetu nayo

Watu wa pwani hawakuwa nyuma. Huko Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, katika mtaa ambao sasa unaitwa Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe. Mwanawe, Rohit, aliirithi kazi hiyo. Wageni waliofika Unguja walikuwa wakinunua hapo nakala za picha za zamani za mji. Picha ambayo mteja wa kwanza aliilipia mara moja ikaendelea kuingiza fedha miaka mingi baadaye, kwa sababu mwenye studio hakuzitupa filamu zake.

Mombasa alikuwako N.V. Parekh, aliyeanza kazi katika miaka ya 1940. Kwake walikwenda maharusi, mashoga wawili waliovaa sare, na vijana wenye suruali mpya. Parekh alipanga taa na pazia la nyuma, akamwelekeza mteja namna ya kukaa na kutazama, kama nyota wa filamu za Bombay na Hollywood zilizokuwa zikionyeshwa mjini. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyekuwa fundi wa kukata picha na kuziunganisha na nyingine. Kazi za studio za Afrika zilionyeshwa Munich, Ujerumani, mwaka 1998, na za pwani ya Kenya zilikuwamo.

Mafundi hao waliuza zaidi ya karatasi. Mteja aliyevaa vizuri siku ya Idi alinunua namna alivyotaka kuonekana. Keïta, kule Bamako, aliwawekea wateja saa za mkononi, redio na hata pikipiki ya Vespa ili wapigwe navyo picha. Hiyo ndiyo kazi ya tangazo: kumwonyesha mtu maisha anayoyatamani, kisha kumpa kitu cha kushika mkononi.

Wauza kanga walilijua jambo hilo zamani. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza karne ya 19, liliweka alama yake kwenye kanga, na hadi leo mnunuzi hutafuta maneno "Mali ya Abdulla" kabla ya kulipa. Kitambaa cha pamba kiko kila mahali. Jina linaloaminika halipatikani kila mahali.

Mnazi ndani ya tangazo

Tazama sabuni. Mafuta ya nazi yana sifa ya kutoa povu jingi, na kwa sababu hiyo viwanda vya sabuni duniani viliyatafuta. Zanzibar mbata ilikuwa zao la pili la biashara baada ya karafuu, na Mafia mnazi ulikuwa ndio tegemeo la kisiwa. Nazi zilipasuliwa, zikakaushwa, zikapakiwa majahazini.

Huko mbele ya safari, sabuni ilipewa uso. Sabuni ya Lux ilianza kutangazwa kwa picha za nyota wa filamu tangu miaka ya 1920, na mwaka 1941 nchini India ikamtumia mwigizaji Leela Chitnis. Mnunuzi hakuambiwa habari za mbata. Aliambiwa habari za ngozi ya nyota. Tofauti ya bei kati ya gunia la mbata na boksi la sabuni ilitokana na kiwanda, usafiri na ushuru, lakini picha nayo ilikuwa na sehemu yake.

Picha hizo zilikuwa na upande mbaya pia. Magazeti ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1960 yalibeba matangazo ya krimu za kujichubua, yakiwaambia wasomaji kwamba weupe ndio maendeleo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu hizo jijini Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Watu walibishana sana kuhusu mavazi, lakini kuhusu krimu historia imewapa haki waliozikataa. Tangazo zuri linaweza kuuza sumu. Anayejifunza kutangaza ajifunze pia kutodanganya.

Afanye nini muuza nazi?

Simu ya mkononi yenye kamera inatosha kuanzia. Mafuta ya nazi yachujwe vizuri, yatiwe katika chupa safi inayoonyesha rangi yake, yapigwe picha asubuhi kwenye kivuli, mbele ya ukuta au mkeka usio na vurugu. Mwanga wa mchana kweupe hufifisha rangi. Na picha iwe ya bidhaa ile ile atakayopokea mteja, kwani akikuta tofauti harudi tena.

Lebo ibebe jina la bidhaa, ujazo, mahali ilipotoka na tarehe ya kutengenezwa. Jina la mahali lina thamani. Watalii hufika Mafia kuanzia Oktoba hadi Machi kuogelea na papa potwe, na wengi hutafuta kitu cha kisiwani cha kurudi nacho. Chupa iliyoandikwa "Mafia" inawaeleza zaidi kuliko chupa ya maji iliyotumika.

Kwa anayetaka kupeleka bidhaa madukani, SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji. Tangu mwaka 2019 vyakula na vipodozi vipo chini ya Shirika la Viwango, TBS. Alama ya biashara husajiliwa BRELA. Kikundi cha watu kumi kinaweza kugawana gharama ambazo mtu mmoja hazimudu.

Jambo jingine ni ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda picha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Ukitaka kuweka sura ya jirani kwenye lebo, mwombe, mwandikiane, mkubaliane malipo. Vivyo hivyo mtu akija kutaka picha za bibi yako kwa ajili ya maonyesho au kitabu, mwulize atazitumia wapi na mwenye picha atapata nini, na mpe nakala ubaki na ya asili. Keïta alipofariki mwaka 2001 kulizuka mzozo mrefu kuhusu nani mwenye haki ya negativu zake. Maandishi ya ukurasa mmoja yangeweza kupunguza ugomvi wa namna hiyo.

Zitunzwe kabla hazijaoza

Hewa ya pwani ni adui wa picha. Unyevu na chumvi huleta ukungu, na picha hugandana. Zisiwekwe sakafuni wala ukutani panapovuja. Ziwekwe katika bahasha za karatasi, ndani ya sanduku kavu, na nyuma ya kila picha paandikwe kwa penseli majina, mahali na mwaka, maadamu wazee wanaokumbuka wapo hai. Kisha zipigwe kwa simu, bila mwako, na nakala ipewe ndugu aliye mbali.

Wakazi wa Ras Kisimani hawahitaji kuambiwa maana ya kupoteza. Mji wa kale wa Kisimani, ambao magofu yake yalichimbuliwa na Neville Chittick na taarifa yake kutolewa mwaka 1961, umekuwa ukiliwa na bahari kidogo kidogo. Biashara ya mji ule inajulikana kwa vigae na sarafu zilizobaki mchangani. Waliofanya biashara hiyo hawakuacha picha, na hakuna anayezijua sura zao.