Kemia ya Banda la Kuku

Chukua mfugaji wa Chamazi, jijini Dar es Salaam, mwenye vifaranga mia tatu wa nyama. Ratiba ya chanjo ameibandika ukutani, ileile iliyobandikwa kwenye mabanda ya majirani zake: siku ya 7 mdondo, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 mdondo tena, siku ya 28 gumboro tena. Anaifuata bila kuruka. Chanjo anainunua duka la dawa za mifugo, anaibeba kwenye chupa yenye barafu, anaichanganya na maji safi ya bomba na kuwanywesha. Kabla batchi haijafika sokoni kuku wanaanza kuzubaa. Manyoya yanawasimama, wanaharisha kinyesi cheupe cha majimaji, na asubuhi anaokota mizoga. Mtaa mzima unasema chanjo ilikuwa feki, na mmoja anamshauri ajaribu pilipili na mwarobaini.

Mara nyingi sana chanjo ilikuwa nzima, na tatizo lilikuwa maji. Chanjo za mdondo na gumboro zinazotolewa kwa maji ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na ili vimfundishe kuku kujikinga ni lazima vimfikie vikiwa hai. Maji ya bomba ya jijini yametiwa klorini, na kazi ya klorini ni kuua vijidudu. Haitofautishi kirusi cha ugonjwa na kirusi cha chanjo. Ndoo inapofika bandani, kilichobaki ndani yake ni maji tu na gharama. Kinga yake ni rahisi: maji ya kisima yasiyotiwa dawa, au maji ya bomba yaliyoachwa wazi usiku kucha, au maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, gramu 2 hadi 3 kwa kila lita ya maji, yakorogwe nusu saa kabla ya kutia chanjo. Protini ya maziwa huikamata klorini kabla haijakutana na virusi. Halafu kuku wakae na kiu saa moja au mbili ili wayamalize maji yale mapema.

Hata hapo hatujamaliza. Kifaranga huanguliwa akiwa na kingamwili alizorithi kwa mama yake kupitia kiini cha yai. Zikiwa bado nyingi mwilini, huiua chanjo ya gumboro inapoingia. Zikiisha kabla ya chanjo, ugonjwa unamkuta hana ngao. Kwa hiyo siku ya 14 na ya 28 zilizoandikwa ukutani ni makadirio. Vifaranga wa mama aliyechanjwa vizuri na vifaranga wa mama asiyechanjwa hawapaswi kuwa na kalenda moja, na mwenye banda asiyejua asili ya vifaranga wake anabahatisha.

Nimeanza na banda la kuku kwa sababu hayo niliyoyaeleza ni kemia, virolojia na elimu ya kinga ya mwili. Ndiyo yanayofundishwa vyuoni chini ya jina la sayansi za kilimo na mifugo. Mfugaji mzoefu anajua afanye nini. Aliyesoma anatakiwa kujua kwa nini, ili ratiba inaposhindwa aweze kufikiri upya.

Na kwa wakazi wa Temeke somo hili haliko mbali. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una makao yake Temeke, katika eneo ambalo wakazi wamezoea kuliita Veterinari. Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, nao una kampasi hapohapo Temeke, mbali na zile za Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri na kwingineko. Maabara ya Temeke ndiyo iliyotengeneza chanjo ya mdondo ya aina ya I-2, ambayo mbegu yake ilitokana na utafiti wa Australia uliolenga kuku wa vijijini. Chanjo hiyo huvumilia joto kuliko zile za kawaida, na hutolewa kwa tone moja jichoni, dozi ileile kwa kifaranga na kwa jogoo, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa kuwa inaingia kwa jicho, haipiti kwenye ndoo ya maji ya bomba. Jina lake la sokoni, Temevac, lilichukuliwa kutoka Temeke. Wako vijana wanaopita mbele ya lango lile kila siku kwa daladala wakiamini kwamba sayansi hufanyika ng'ambo.

Bado mzazi wa Mbagala au Tegeta akisikia mwanaye kapangiwa chuo cha kilimo hununa. “Nimekusomesha ili uje ushike jembe?” Siwalaumu wazazi hawa, maana wengi wao walikutana na kilimo shuleni kikiwa adhabu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea akitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia. Katika shule nyingi shamba liligeuka mahali pa kuwapeleka wachelewaji na watoro. Mtoto aliyelima robo ekari kwa kosa la kuongea darasani hawezi kukua akiamini kwamba udongo una mambo ya kusomwa.

Kuna historia ya zamani zaidi ya hiyo. Mwaka 1955 Waluguru waliinuka dhidi ya amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi milimani. Mabwana shamba wa wakati ule walikuwa na maagizo ya kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini kwenye miteremko mingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Kuchimba matuta yale kulileta juu udongo mfu, na wakulima waliona mavuno yakishuka. Amri ilitangulia, uchunguzi ukakosekana. Leo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimekaa chini ya milima hiyohiyo ya Uluguru. Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha stashahada, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili kwa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huo mkoani Morogoro.

Anachokutana nacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwashtua wengi. Hapewi jembe siku ya kwanza. Anapewa kemia, botania, elimu ya udongo na takwimu. Takwimu ndiyo wengi huiona haihusiki, nami naiona ndiyo moyo wa fani nzima. Fikiria matuta mawili ya mchicha kando ya mto Kizinga. Moja limewekwa samadi ya kuku, jingine urea. La samadi likistawi zaidi, je, ni samadi, au ni kwa sababu lipo karibu na kisima na mwenyewe hulimwagilia kwanza? Kwa matuta mawili huwezi kujua hata uangalie mwaka mzima. Inabidi ugawe eneo katika vijisehemu vingi, upige kura ni kipi kipate nini, urudie mara kadhaa, ndipo ulinganishe. Utaratibu huu ulipangwa na Ronald Fisher miaka ya 1920 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na baadaye madaktari wakauchukua kupima dawa za binadamu. Dawa unayomeza leo ilithibitishwa kwa hesabu zilizozaliwa shambani.

Mchicha wenyewe una mengi ya kufundisha. Ardhi ya pwani yetu kwa sehemu kubwa ni mchanga. Chembe za mchanga hazishiki virutubisho, kwa hiyo urea unayomwaga yote kwa mkupuo jioni, ukimwagilia sana, sehemu kubwa inazama chini mizizi isikofika. Mboji na samadi huupa mchanga uwezo wa kushika. Hapo ndipo hesabu inaingia: urea ina naitrojeni asilimia 46, maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na mwanafunzi anatakiwa ajue tuta lake linahitaji kiasi gani na akigawe mara ngapi. Na kwa bustani za mabondeni kama Msimbazi, zinazomwagiliwa maji yaliyopita viwandani na mitaani, liko swali zito zaidi. Madini kama risasi na kadimi hupanda kwa mizizi mpaka ndani ya jani. Mama anayeosha mchicha mara tatu anaondoa vumbi na vijidudu, lakini madini yaliyo ndani ya jani hayatoki kwa kuoshwa. Yanajulikana kwa kipimo cha maabara tu. Jiji linalokula mboga za mabondeni linahitaji watu wa kupima, na watu hao hutoka vyuo vya kilimo na sayansi ya chakula.

Upande wa Kinondoni kuna Mikocheni. Kituo cha utafiti cha pale, ambacho sasa kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kilianzia kwenye utafiti wa minazi, kisha kikajenga maabara ya bioteknolojia. Kazi yake kubwa imekuwa virusi vya mihogo. Batobato la mihogo liliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika milima ya Usambara. Michirizi kahawia iliripotiwa mwaka 1936 kutoka kituo cha Amani, milima hiyohiyo. Magonjwa yote mawili husambazwa na inzi weupe na pia na mbegu, maana mkulima akikata pingili kwenye shina lenye ugonjwa anaupanda ugonjwa wenyewe. Michirizi kahawia ndiyo inayoumiza zaidi. Shina linaweza kusimama vizuri na majani yakaonekana ya kuridhisha, mkulima wa Mkuranga au Kigamboni akangoja mwaka, halafu siku ya kung'oa akakuta mhogo umeoza ndani. Kwa macho hujui. Maabara hutafuta chembe za urithi za kirusi ndani ya jani, na kutokana na vipimo hivyo huchaguliwa mbegu safi za kuzalisha. Aina kama Kiroba, ya hukuhuku pwani, ilipitishwa kwa sababu huuvumilia ugonjwa huo. Mhogo wa kukaanga unaouzwa stendi ya Rangi Tatu una kazi ya watafiti nyuma yake.

Sasa kuhusu njia zenyewe. Wa kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo ya sayansi huanza astashahada katika vyuo vya kilimo vya MATI, vya mifugo vya LITA au FETA ya uvuvi, ambayo ina kampasi Mbegani, Bagamoyo. Kwa kawaida miaka mitatu humfikisha kwenye stashahada. Wa kidato cha sita mwenye Kemia na Biolojia anaweza kwenda shahada moja kwa moja. Sokoine ndicho chuo kikongwe, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina ndaki ya sayansi za kilimo. Udaktari wa mifugo huchukua miaka mitano. Na kwa mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye hana shamba wala hatalirithi, yapo matawi yasiyodai ekari: sayansi ya chakula, maabara ya veterinari, afya ya mimea, uchumi kilimo, uhandisi wa umwagiliaji.

Ajira ya serikali haimsubiri kila mhitimu, na mzazi asidanganywe. Nafasi za maafisa ugani hutangazwa na waombaji huwa wengi mno. Lakini angalia mitaa yenyewe. Maduka ya pembejeo na dawa za mifugo kutoka Bunju hadi Toangoma yanauza sumu na antibiotiki kila siku, na muuzaji huulizwa maswali ya kitaalamu na mtu aliyeshika noti mkononi. Ni siku ngapi zipite baada ya kupuliza ndipo nyanya zichumwe? Kuku akimaliza antibiotiki, mayai yaliwe lini? Jibu lisilo sahihi linaishia kwenye sahani ya mtoto. Kuna vituo vya kutotolesha, viwanda vya chakula cha mifugo, machinjio, wasindikaji wa maziwa. Kote huko ninaona pengo la watu wenye elimu, na pengo hilo linazibwa na kubahatisha.

Jambo linaloniuma ni vyuo vinavyofundisha sayansi hii kwa ubao peke yake. Mtu anaweza kuhitimu akiwa amechora mfumo wa chakula wa ng'ombe mara nyingi bila kumshika ng'ombe, na akaijua hadubini kwa picha. Huyo ndiye atakayesimama mbele ya mfugaji wa Chamazi akarudia ratiba ileile ya ukutani. Elimu ya namna hiyo ni dhuluma kwa kijana na kwa mzazi aliyeuza kiwanja kumlipia ada.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujalipa hata shilingi, nenda chuoni na mwanao siku ya kazi. Omba kuonyeshwa shamba la mafunzo, mifugo na maabara. Uliza wanafunzi wa mwaka wa pili, bila mwalimu kuwapo, ni lini mara ya mwisho walipima udongo au kuchanja kuku kwa mikono yao, na mafunzo kwa vitendo walifanyia wapi. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, au na TCU kama ni chuo kikuu. Ukipata majibu ya kueleweka, mpeleke mtoto. Chuo kikikuonyesha majengo na sare tu, tafuta kingine.