Mwezi Ulivyopata Kuwapo

Usiku wa mbalamwezi utazame mwezi vizuri. Upana wake ni kilomita 3,474, yaani zaidi kidogo ya robo ya upana wa dunia. Jiwe kubwa namna hii lilitoka wapi?

Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Hartmann na Davis, walisema ya kuwa dunia ilipokuwa changa iligongwa na gimba kubwa lililokuwa likilizunguka jua. Vitu vilivyoruka vikakusanyika, vikawa mwezi. Yapata miaka milioni 4,500 imepita tangu siku hizo. Gimba lile siku hizi huitwa Theia, na wengi hulikisia kuwa na ukubwa wa Mirihi. Ndiyo maana mwezi una chuma kidogo: chuma cha dunia kilikuwa kimekwisha kuzama ndani, nao mwezi ulifanyizwa hasa kwa mawe ya juu.

Lakini palikuwa na fumbo. Watu waliokwenda mwezini tangu 1969 hata 1972 walirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Yalipopimwa, oksijeni iliyomo ilionekana karibu sawa kabisa na ile ya mawe ya dunia, kama ndugu wa tumbo moja. Nazo hesabu zilionyesha ya kuwa sehemu kubwa ya mwezi ilitoka katika Theia. Basi, mbona haukufanana na mgeni, ukafanana na mwenyeji?

Bibi Sarah Stewart, mtaalamu wa sayari, alitaka kwanza kujua jiwe lenyewe huwaje likipigwa. Katika chumba cha majaribio mjini Davis, California, alitumia bunduki kubwa za kurusha bamba lipige jiwe, mwendo wa kilomita kadha wa kadha kwa sekunde moja. Sisi hudhani jiwe likipigwa huvunjika tu. Sivyo, nguvu zikizidi huyeyuka, na zikizidi tena hugeuka mvuke, kama maji ya chunguni.

Mwaka 2017 yeye na mwanafunzi wake, Simon Lock, walitangaza ya kuwa kishindo kikubwa chaweza kuigeuza sayari kuwa wingu la mvuke wa mawe lizungukalo upesi, mfano wa ngata ya mtungi, ila katikati halina tundu. Wakaliita sinestia. Humo, wasema, dunia na Theia zilichanganyika kama udongo wa vilima viwili mikononi mwa mfinyanzi, na mwezi ukakua ndani yake. Wingu lilipopoa likanywea, likauacha mwezi nje.

Wataalamu wengine hawajakubali, nao wana hesabu zao. Mwezi nao waenda zake: kila mwaka hutuacha kwa sentimita 3.8.