Kompyuta ya kazi za 3D: hesabu viini kabla ya kulipa

Msikilizaji wetu mmoja, fundi ujenzi, anataka kuwaonyesha wateja picha ya nyumba kabla msingi haujachimbwa. Ameuza ng'ombe ili anunue kompyuta iliyotumika. Anatuuliza: achukue Core i7 au Core i5?

Tunamjibu: jina peke yake lisikudanganye. Kurenda ni kompyuta kuugeuza mchoro kuwa picha kamili yenye mwanga na vivuli. Kazi hiyo hugawanywa vipande, na kila kiini cha prosesa huchukua kipande chake, kama vibarua shambani. Wakiwa wengi, shamba linaisha mapema.

Sasa linganisha prosesa mbili za mwaka 2017. Core i7-7600U ya laptopu ina viini 2 tu. Core i5-8400 ya kompyuta ya mezani ina viini 6.

Kwenye video ndipo utaumia. Sekunde 10, kwa picha 24 kila sekunde, ni picha 240. Picha moja ikichukua dakika 5, hizo ni saa 20 za umeme.

Kwa hiyo iwashe palepale dukani. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, kisha CPU. Soma namba ya Cores, si ya Logical processors. RAM tunashauri isipungue GB 16. Ikiwa na kadi nzuri ya grafiki, programu ya bure ya Blender inaweza kuitumia kurenda haraka zaidi.

Muuzaji akikataa kuiwasha, ndugu yetu, rudi nyumbani na pesa yako.