Neno Moja Hubadili Bei: Usahihi wa Lugha katika Tovuti za Biashara

Wenye maduka, nyumba za kulala wageni na karakana za useremala wanazidi kutangaza huduma zao kupitia tovuti. Dukani, mteja asiyeelewa bango humwuliza muuzaji papo hapo. Katika tovuti, maandishi ndiyo muuzaji, na yakikosewa hakuna wa kuyasahihisha mbele ya mteja.

Kosa dogo huweza kugharimu fedha. Godoro la shilingi 120,000 likitangazwa kuwa bei yake imepunguzwa "kwa shilingi 50,000", mteja atalipa shilingi 70,000. Likiandikwa "hadi shilingi 50,000", atadai alipe 50,000 tu. Neno moja limezua tofauti ya shilingi 20,000, na huenda likazua ugomvi.

Saa nazo zahitaji uangalifu. "Tunafungua saa 8" kwa msomaji wa Kiswahili ni mchana, lakini mgeni aweza kudhani ni asubuhi. Kuandika "saa 2:00 asubuhi" huondoa utata huo.

Tahajia nayo ina uzito wake. Anayetafuta "cherehani" mtandaoni huenda asiifikie tovuti iliyoandika "chelehani". Aidha, jumbe za matapeli mara nyingi hujaa makosa ya uandishi. Hivyo mteja mwangalifu akiyaona katika tovuti ya biashara halali, husita kutuma fedha. Shaka huongezeka zaidi iwapo jina la biashara katika tovuti halilingani, herufi kwa herufi, na lile lililosajiliwa BRELA au lililo katika akaunti ya benki.

Suala hili lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha walaji. Tangazo la bei lililoandikwa vibaya laweza kumweka mfanyabiashara mwaminifu katika nafasi ngumu ya kujieleza.

Kinga yake ni nyepesi. Kabla ya kuchapisha tangazo, mwenye biashara alisome kwa sauti, kisha ampe mtu mwingine alisome na kueleza alivyolielewa. Bei, saa, namba za simu na majina vihakikiwe kimoja kimoja. Panapokuwa na shaka kuhusu neno, kamusi itazamwe, au ushauri utafutwe kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri au Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoanzishwa mwaka 1967 kusimamia ukuzaji wa lugha hii.