Hoteli Yenye Majina Yetu: Nani Anatandika Kitanda?

Mwezi uliopita, baada ya mkutano wa tawi katika shamba moja la chai, mama mmoja mchumaji alinivuta pembeni. Alikuwa amemshika mkono mtoto wake wa miaka sita. Mtoto alivaa shati la mitumba lenye picha ya simba na maneno mawili: Hakuna Matata. Mama akaniuliza, "Katibu, hii si lugha yetu? Imefikaje kwenye nguo iliyotoka Ulaya?"

Nilimweleza nijuavyo. Maneno hayo yalienea ulimwenguni kwa filamu ya Marekani ya mwaka 1994 iitwayo The Lion King, ya kampuni ya Disney. Mwaka 2003 kampuni hiyo ikayasajili huko Marekani kuwa alama yake ya kuuzia nguo. Kampuni hiyo hiyo ina bustani kubwa za michezo na maonyesho, ambako wafanyakazi wa Marekani huwapeleka watoto wao wakati wa likizo. Tena mojawapo ya hoteli zake imejaa majina ya Kiswahili tangu mlangoni hadi jikoni.

Mama akacheka sana. Kisha akauliza swali la pili, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Mfanyakazi kama mimi, huko kwao, anaweza kulala katika hoteli hiyo?"

Ndugu wafanyakazi, jibu lake lina mafunzo kwetu sote.

MAHALI PENYEWE

Bustani hiyo inaitwa Walt Disney World. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida. Ukubwa wa eneo lake ni kilomita za mraba 100 hivi. Ndani yake mna bustani nne, zilizofunguliwa mwaka 1971, 1982, 1989 na 1998. Hiyo ya nne ni ya wanyama, na humo wamejenga kijiji cha kuigiza Afrika Mashariki wakakiita Harambe. Kampuni ina hoteli zaidi ya 25 katika eneo hilo, na wafanyakazi zaidi ya 70,000. Haiwaiti wafanyakazi, bali huwaita kwa neno lenye maana ya waigizaji wa mchezo. Lakini mwigizaji huyu naye hutoka jasho na kuumwa mgongo kama mchuma chai.

Jambo moja lifahamike kabla ya kuendelea. Sheria ya taifa la Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa likizo yenye malipo, hata siku moja. Anayepata likizo huipata kwa hiari ya mwajiri, kwa sheria za majimbo machache, au kwa mkataba wa chama. Kwa hiyo siku chache za kuwapeleka watoto Orlando ni kitu ambacho familia huweka akiba muda mrefu kukipata. Kiingilio peke yake ni zaidi ya dola 100 kwa mtu kwa siku. Mtoto wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo tu, na aliye chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu. Baba, mama na watoto wawili wa shule, siku moja, ni zaidi ya dola 400 kabla hawajala wala kulala.

Ndiyo maana swali la mahali pa kulala linakuwa kubwa.

NJIA NNE ZA KULALA

Ya kwanza ni ile hoteli yenye majina yetu, Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001. Jengo moja linaitwa Jambo House, la pili Kidani Village. Mikahawa yake inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Ukisimama kwenye veranda ya vyumba vingi unaona twiga na punda milia wakila majani chini yako. Bei yake kwa kawaida ni mamia ya dola kwa usiku mmoja.

Ya pili ni hoteli za bei ya chini za kampuni hiyo hiyo, kama zile za All-Star zilizoanza mwaka 1994. Chumba cha kawaida kinachukua watu wanne. Hakuna twiga, lakini basi la kwenda bustanini ni la bure, na wageni wa hoteli za kampuni huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine. Nusu saa hiyo si kitu kidogo mahali ambapo foleni ya mchezo mmoja inaweza kula saa nzima. Upo pia uwanja wa kupiga hema, Fort Wilderness, tangu mwaka ule wa 1971. Kiwanja kimoja kinaruhusiwa watu hadi 10, nacho huwafaa wenye familia kubwa na hema lao.

Ya tatu ni moteli za nje, hasa kando ya barabara ya 192 katika mji wa Kissimmee. Hapo bei ya usiku huwa ndogo. Lakini usiitazame bei ya usiku peke yake. Utahitaji gari, na kuliegesha bustanini kuna ada ya kila siku. Mwaka 2024 ilikuwa dola 30. Hoteli nyingi za nje zilizoea pia kuongeza "ada ya huduma" ambayo mgeni aliikuta wakati wa kulipa. Tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya serikali ya Marekani inataka hoteli itangaze bei yote tangu mwanzo, pamoja na ada hizo za lazima. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo haba hizi zinavyoweza kuifikisha moteli rahisi kwenye bei ya hoteli ya ndani.

Ya nne ni kupanga nyumba nzima yenye jiko na vyumba kadhaa. Ndugu wawili wenye watoto wengi wakigawana kodi na kujipikia, hesabu inaweza kuwa nafuu kuliko njia zote.

Basi familia hukaa mezani na karatasi, ikapima mambo matatu: bei yote, umbali, na idadi ya vitanda. Haya ni mambo ya haki kupimwa. Lakini mwanachama wa chama cha wafanyakazi anapaswa kuongeza la nne: nani anatandika kitanda hicho, na kwa masharti gani?

KURA YA WATANDIKAJI

Katika hoteli za Disney huko Florida, wahudumu wa vyumba wana chama. Vyama sita vimeungana katika baraza moja ili vizungumze na kampuni kwa sauti moja. Mwaka 2023 baraza hilo liliwakilisha wafanyakazi wapatao 45,000: watandika vitanda, wapishi, madereva wa mabasi, wafagiaji, na hata wale wanaovaa vinyago vya Mickey Mouse na wenzake.

Tusidhani kwamba kazi hiyo ni rahisi. Katika Florida, sheria inasema mfanyakazi hawezi kulazimishwa kulipa ada ya chama, hata kama mkataba uliopiganiwa na chama unamlinda. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupanda basi bila kutoa nauli. Viongozi wa matawi wanaosoma makala haya wanajua maumivu ya jambo hilo. Chama cha huko hulazimika kumshawishi mtu mmoja mmoja, zamu kwa zamu.

Mwanzoni mwa 2023 kima cha chini kilikuwa dola 15 kwa saa. Kampuni ilitoa pendekezo ambalo kwa wafanyakazi wengi lilikuwa nyongeza ya dola 1 kila mwaka. Chama kilitaka dola 3 mara moja, kwa sababu kodi za nyumba zilikuwa zimepanda sana. Mwezi wa Februari pendekezo la kampuni lilipelekwa kwa wafanyakazi wenyewe wapige kura. Likakataliwa na watu 96 katika kila 100 waliopiga kura.

Hawakuvunja kioo hata kimoja. Walipiga kura tu, lakini walipiga pamoja. Mwezi wa Machi kampuni ilirudi mezani, na makubaliano mapya yakapitishwa: kima cha chini kifike dola 18 kabla mwaka 2023 haujaisha, nyongeza ziendelee hadi mwisho wa mkataba mwaka 2026, na mzazi aliyepata mtoto apewe wiki 8 za likizo yenye malipo. Kilichoitwa hakiwezekani mwezi wa Februari kiliwezekana mwezi wa Machi.

ANALALA WAPI YEYE?

Sasa narudi kwenye swali la mama. Kile kima cha chini cha dola 18 kwa saa cha mwaka 2023, kwa saa 8, kilikuwa dola 144 kwa siku, kabla ya kodi. Usiku mmoja katika Jambo House unaweza kumeza mshahara wa namna hiyo wa siku mbili, tatu au zaidi. Kwa hiyo mtandikaji wa Jambo House anaweza kulala Jambo House, lakini kwa shida kubwa.

Tena ana jambo la kumhangaisha kuliko hilo, nalo ni mahali pa kulala kila siku. Zile moteli za barabara ya 192 hazikai watalii peke yao. Kwa miaka mingi zimekaliwa pia na familia zinazolipa wiki kwa wiki kwa sababu hazina fedha ya kuweka dhamana ya nyumba, na miongoni mwao wamo wanaofanya kazi katika hoteli na mikahawa ya watalii. Upande mmoja wa ukuta amelala mtoto aliyekuja kumwona panya wa Disney, na upande wa pili mtoto ambaye mama yake anamfulia mgeni taulo.

Huko California, iliko bustani ya kwanza ya Disney ya mwaka 1955 katika mji wa Anaheim, vyama viligharimia uchunguzi uliotolewa mwaka 2018. Wafanyakazi wapatao 5,000 walijibu. Zaidi ya mmoja katika kila 10 alisema aliwahi kukosa makao katika miaka miwili iliyotangulia. Kampuni iliyapinga matokeo hayo. Lakini mwezi wa Novemba mwaka huo huo wananchi wa Anaheim walipitisha kwa kura sheria ya mji ya kupandisha mshahara katika makampuni ya utalii yanayopata msaada wa mji.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika biashara hii ya wageni wengi namna hii, mwenyeji hakupona mpaka alipojiunga na wenzake.

ORODHA YA CHAMA

Wafanyakazi wa hoteli wa Marekani wa chama cha UNITE HERE wametengeneza orodha iitwayo FairHotel. Inaonyesha hoteli zenye mkataba wa chama, na zile ambazo wafanyakazi wanaomba wageni wasiziendee kwa sababu ya mgogoro. Familia inayopanga likizo, au chama kinachotafuta mahali pa mkutano, hutazama kwanza humo.

Jambo jingine wanalowaeleza wageni ni usafi wa chumba. Tangu mwaka 2020 hoteli nyingi za Marekani ziliacha kusafisha chumba kila siku. Mgeni huona kama hasara yake ni ndogo. Lakini vyumba vikipunguzwa, zamu nazo hupunguzwa, na chumba kilichokaa siku nne na watoto ni kazi mara mbili kwa anayekikuta. Wanaofanya kazi ya kipande hapa kwetu wataelewa upesi: idadi ya vyumba haibadiliki, uzito ndio unaoongezeka.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nisimcheke Mmarekani anayelala bila kuuliza. Mwaka jana nilipanga semina ya siku mbili ya viongozi wa matawi. Nilichagua nyumba ya wageni kwa kuwa bei yake ilikuwa chini kuliko nyingine zote. Mchana kutwa tulijadili saa za kazi. Saa nne usiku nilitoka nje nikamkuta dada mmoja amepiga magoti penye beseni, anafua mashuka yetu kwa mikono. Nikamuuliza, "Dada, zamu yako inaisha saa ngapi?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mzee, mimi sina zamu. Inaisha mashuka yakiisha."

Hakuwa na mkataba wa maandishi, na likizo hakuijua. Fedha iliyompa mwajiri wake nguvu ya kumweka hivyo ilikuwa ada yenu, ndugu wanachama, na mkono ulioitoa ulikuwa wangu.

TUFANYE NINI

Kwanza, tuchukue likizo yetu. Hapa Uganda sheria ya ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 zenye malipo kamili kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Jirani zetu wa Kenya wana siku 21 za kazi kwa sheria ya mwaka 2007, na wa Tanzania siku 28 kwa sheria ya mwaka 2004. Mmarekani wengi hana sheria ya namna hiyo. Kuwa na haki na kuiacha kabatini ni kumzawadia mwajiri.

Pili, kila katibu wa tawi kabla ya kulipia ukumbi au vyumba aulize maswali matatu: Wafanyakazi wa hapa wana chama? Wana mikataba ya maandishi? Anayefua usiku analipwaje? Jibu likiwa baya, tutafute pengine, au tumwambie mwenye nyumba wazi kwa nini tunaondoka. Tumpe na yule dada namba ya ofisi yetu.

Mimi nimeanza. Nilirudi kwenye ile nyumba ya wageni nikiwa na kadi sita za uanachama. Hadi leo zimejazwa nne, na ya kwanza ni ya dada wa mashuka.

Na yule mama wa chai nitamwona tena kwenye mkutano ujao wa tawi. Nitamwambia hivi: mtoto wako avae shati lake bila wasiwasi, maana maneno ni yetu. Ila sisi wazazi wake tusiseme hakuna matata kabla ya kuuliza nani anatandika kitanda.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.