Kadi ya bima ipo, daktari hapatikani

Februari 2007, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mvulana wa miaka 12 alifariki dunia kwa sababu ya jino bovu. Bakteria walipanda hadi kwenye ubongo, na alipasuliwa mara mbili bila kuokoka. Kung'oa jino lile kungegharimu takriban dola 80, ilhali matibabu ya hospitali yalikaribia dola 250,000. Familia yake iliwahi kuwa kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, lakini uanachama ulikuwa umekatika. Hata kabla ya hapo, mama yake alihangaika kumtafutia mdogo wake daktari wa meno anayeipokea bima hiyo.

Kifo hicho kiliwalazimisha wengi kujiuliza: serikali inapokabidhi matibabu ya watoto kwa kampuni za bima, kama Maryland ilivyofanya, watoto hutibiwa zaidi au hutibiwa pungufu?

Medicaid ilianzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi ilimlipa daktari kwa kila huduma aliyoitoa, na gharama zikapanda. Mwaka 1982 Arizona ilianza na utaratibu mwingine kwa jimbo zima, na sheria ya mwaka 1997 ikarahisisha majimbo mengine kufuata. Leo takriban robo tatu ya wanachama wa Medicaid wamo katika mipango ya aina hiyo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Serikali huilipa kampuni kiasi maalumu kila mwezi kwa kila mtoto, awe mgonjwa au mzima. Kinachobaki ni cha kampuni, na kikipungua ni hasara yake. Ili kudhibiti matumizi, kampuni humpangia mtoto daktari mmoja wa kuanzia, hutaka rufaa kabla ya kumwona daktari bingwa, hudai kibali kwa huduma za gharama kubwa, na hulipia tu vituo vilivyo kwenye orodha yake.

Utaratibu huu unaweza kumfaa mtoto. Mwenye pumu, kwa mfano, akiwa na daktari anayemjua na dawa ya kuvuta isiyokatika, hakimbizwi hospitali usiku wa manane akihema. Kampuni nayo huokoa fedha. Chanjo na vipimo vya ukuaji vina faida hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bima anayeacha ufa huenda asiwe ndiye atakayeujenga ukuta. Watoto huhama mpango au hupoteza uanachama, na madhara ya huduma iliyocheleweshwa humwangukia mlipaji mwingine. Ndiyo maana matokeo ya tafiti hutofautiana: katika baadhi ya maeneo watoto huhudhuria kliniki zaidi, kwingine hukosa mabingwa.

Orodha za madaktari zinaonyesha pengo hilo wazi. Katika ripoti ya mwaka 2014, wakaguzi wa wizara ya afya ya Marekani walieleza jinsi walivyowapigia simu madaktari 1,800 waliotajwa kwenye orodha za mipango hiyo. Zaidi ya nusu hawakuweza kutoa miadi: baadhi hawakupatikana katika anwani iliyoandikwa, wengine hawakuwa kwenye mpango au hawakupokea wagonjwa wapya. Ripoti nyingine ya wakaguzi hao, ya mwaka 2023, ilionyesha kuwa kampuni walizozichunguza zilikataa ombi moja kati ya kila manane ya kibali mwaka 2019.

Sheria, hata hivyo, iko upande wa mtoto. Tangu mwaka 1967, aliye chini ya miaka 21 katika Medicaid ana haki ya kupimwa mara kwa mara na kutibiwa tatizo linalogunduliwa. Mzazi akinyimwa kibali anaweza kukata rufaa. Familia za Wakongomani waliopokewa Marekani kama wakimbizi, ambazo nyingi huzungumza Kiswahili, zina haki ya mkalimani bila malipo, na ziidai badala ya kumgeuza mtoto kuwa mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe.

Maryland yenyewe ilijirekebisha. Iliongeza malipo ya madaktari wa meno, na mwaka 2009 ikaondoa huduma za meno kwenye kampuni mbalimbali na kuziweka chini ya msimamizi mmoja. Watoto wengi zaidi wakaanza kutibiwa meno. Kanuni za serikali kuu za mwaka 2024 nazo zilitaka mtoto asisubiri zaidi ya siku 15 za kazi kumwona daktari wa kawaida, na zikaagiza wapimaji wapige simu kama wagonjwa ili kuthibitisha.

Huo ndio ukaguzi unaostahili kuigwa na serikali yoyote inayowanunulia watoto bima. Isihesabu kadi zilizogawiwa tu. Ihesabu watoto waliochanjwa, waliotibiwa meno na waliomwona bingwa kwa wakati, na kampuni isiyofikia kiwango ipoteze mkataba.